Muvi za kupanda milima na kunusurika: zinamfaa kijana wako? Mwongozo kamili wa kuamua

Kijana kaomba aangalie muvi ya watu waliokwama mlimani. Unatazama bango lake, unaona theluji, kamba, jua linachomoza nyuma ya kilele, hamna bunduki, hamna mambo ya kitandani, unasema haya angalia. Baada ya masaa mawili mtoto katoka sebuleni kimya, hataki kula, na usiku anakuja kukuuliza hivi mtu akiganda na baridi anasikia maumivu mpaka mwisho? Muvi hizi zina uzito wake na hauonekani kwenye bango. Kwenye za ngumi na risasi watu wanakufa fasta na wengi wanaokufa ni wabaya. Mlimani anakufa mtu mzuri, taratibu, anajua kwamba anakufa, wenzake wanajua, na wakati mwingine inabidi wamuache pale pale washuke.

Jibu langu nalitoa hapa hapa mwanzoni: nyingi zinawafaa vijana, na kwakweli kuna kitu humu ndani ambacho tineja hakipati kwenye muvi zingine, ila ile namba ya umri iliyoandikwa kwenye muvi haitoshi kukuamulia. Inabidi ujue ni muvi ya aina gani, umjue mtoto wako, halafu uwepo. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni muvi ya aina gani

Watu wanaziweka zote kapu moja ila hazifanani. Kuna za kubuni kabisa, za mbio na milipuko, mtu ananing'inia kwa vidole viwili huku anarusha teke, helikopta inazunguka. Hizi kijana wa miaka 13 anajua ni mchezo na hazimkai kichwani, shida yake kubwa ni uongo wake kuhusu milima na hilo tutalirudia huko chini. Kuna za kubuni ila ndogo, watu wawili watatu wamekwama sehemu moja juu sana, hamna maji, hamna mtandao, muvi nzima iko pale pale. Zinabana kuliko unavyodhani kwa sababu hazikupi pa kupumzika, kila dakika roho juu.

Halafu kuna visa vya kweli vilivyoigizwa, na hapa ndo uwe makini kuliko kote. Kijana akishasoma yale maandishi ya mwanzo kwamba hii imetokea kweli, ile kinga yake ya "ah si muvi tu" inadondoka yote. Mfano mzuri ni Everest ya mwaka 2015, inayohusu dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 1996 iliyoua watu 8 kwenye mlima ule. Kuna sehemu Rob Hall, kiongozi wa msafara kutoka New Zealand, amekwama karibu na kilele, wanamuunganisha kwa redio na simu ya setilaiti aongee na mkewe ambaye yuko nyumbani na ana mimba. Redio inakwaruza. Mwanaume anaongea polepole ili mke asijue hali yake ni mbaya kiasi gani, mke naye anajikaza asilie, wanakubaliana jina la mtoto. Hakuna hata tone la damu pale, hakuna mtu anayepiga kelele, na hiyo ndo sehemu inayowavunja watu, watu wazima kabisa, sasa fikiria mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake anasafiri mara kwa mara.

Dokumentari nazo zina namna yake. Free Solo ya 2018 inamfuata mpandaji Alex Honnold akipanda El Capitan, ukuta mrefu wa mwamba huko California, bila kamba, alipanda tarehe 3 Juni 2017, na yeye yuko hai, kwa hiyo hofu yake ni ya viganja kutoa jasho, sio ya msiba. Touching the Void ya 2003 imechanganya, wahusika wenyewe wamekaa wanasimulia huku waigizaji wanaigiza. Kwa kijana mwenye wasiwasi mwingi huo ni msaada mkubwa, manake tangu dakika ya kwanza anawaona Joe Simpson na Simon Yates, wale wapandaji wawili wenyewe, wamekaa kwenye kiti wanaongea, anajua wote walirudi.

La mwisho ni zile ambazo kunusurika kunapitia kwenye mwili wenyewe. 127 Hours ya 2010, Aron Ralston anabanwa mkono na jiwe kwenye korongo huko Utah mwaka 2003 na mwishowe anaukata mwenyewe. Society of the Snow ya 2023, ndege inaanguka kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, tarehe 13 Oktoba 1972 ikiwa na watu 45, wanabaki hai 16 baada ya siku 72, na walibaki hai kwa kula miili ya wenzao waliokufa. Hizi usimuwekee kijana ambaye hajui anachoenda kukiona. Mwambie kabla, kwa maneno ya kawaida, tena mchana.

Hatua ya 2: Isome alama ya umri mpaka kwenye sababu yake

Marekani wana PG-13, maana yake mzazi awe mwangalifu sana na mtoto wa chini ya miaka 13, na wana R, chini ya miaka 17 aingie sinema na mzazi au mlezi. Uingereza wana 12A, chini ya 12 aende na mtu mzima, na 15, chini ya hapo haingii. Hizi ndo utakazokutana nazo mara nyingi kwenye apu za muvi, nchi nyingine zina zake.

Sasa angalia hili. Ile Everest niliyoisema, yenye vifo, maiti zilizoganda, na mke kwenye simu, Marekani imepewa PG-13. Touching the Void, ambayo wote wawili wanarudi hai, imepewa R. Kwa nini? Matusi. Mtu kavunjika mguu juu ya mlima wa Siula Grande huko Peru, unategemea aongee lugha ya kanisani? Kule Marekani kawaida lile tusi kubwa la Kiingereza likitajwa mara moja muvi inaweza kubaki PG-13, yakizidi inaenda R. Kuna mfano mwingine unaonyesha vizuri zaidi. Fall ya 2022, wasichana wawili wamekwama juu ya mnara mrefu, ilikuwa inaelekea kupata R kwa sababu ya matusi, wakatumia kompyuta kubadilisha midomo ya waigizaji na maneno yao, ikapata PG-13. Picha ni zile zile, kimo kile kile, kuanguka kule kule, kilichobadilika ni maneno tu.

Kwa hiyo usiishie kwenye herufi. Chini ya alama huwa kuna sentensi fupi ya sababu, isome hiyo. Ikisema lugha, unajua ni matusi, uamuzi ni wako na nyumba yako. Ikisema hatari kali na picha za kusumbua, kwenye muvi ya mlima hiyo mara nyingi ni kifo cha polepole na miili. Ikitaja damu au majeraha, tegemea mfupa, vidole vyeusi, kisu. Ukitaka undani zaidi kuna Common Sense Media, tovuti ya kuwasaidia wazazi kuchagua muvi, kuna sehemu ya wazazi kwenye tovuti ya muvi ya IMDb, na bodi ya Uingereza, BBFC, inaandika maelezo ya kila muvi inayopitia. Soma mbili sio moja, manake mmoja anahesabu matusi na mwingine anahesabu machozi.

Hatua ya 3: Iangalie wewe kwanza, na ujue wapi pa kuangalia

Kama una muda angalia yote. Kama huna, soma stori nzima mpaka mwisho, ndio, jiharibie utamu, we ni mzazi sio mteja. Unatakiwa ujue nani anakufa na nani anaachwa. Kisha ruka mpaka theluthi ya mwisho ya muvi, manake uzito karibu wote umelala huko, mwanzo ni mizigo, utani, kuvaa viatu, mandhari. Na usiangalie bila sauti. Sehemu mbaya za muvi hizi ziko kwenye sauti kuliko kwenye picha: mtu anavyohema, kikohozi cha maji maji, redio inayoita jina mara tano bila kujibiwa.

Wakati unaangalia andika dakika. Sio lazima uzikate baadaye, ila ukijua dakika ya 94 kuna mguu unavunjika utakuwa umekaa karibu na mtoto kabla haijafika, na hiyo peke yake inapunguza nusu ya shida.

Vitu vitano vya kutafuta, na navitaja kwa mpangilio wa uzito wangu mimi: mtu kuachwa akiwa hai, mtu kuagana na familia yake, mwili kukatwa au kuliwa, mtu kufunikwa na theluji au kukosa hewa, na mwisho kabisa kuanguka. Ndio, kuanguka nakiweka mwisho. Wazazi wengi wanaogopa ile ya mtu kudondoka kutoka juu lakini vijana wengi wanaipita, inatokea sekunde tatu imeisha, wanasema oooh wanaendelea kula bisi. Kuachwa ndo kunabaki. Mtoto anajiuliza na mimi wangeniacha?

Hatua ya 4: Mjue huyu mtoto, sio watoto kwa ujumla

Umri ni mwanzo tu. Mmoja wa miaka 13 ataangalia Everest aulize maswali ya hali ya hewa akalale, mwenzake wa 16 atakaa wiki nzima haiwezi kumtoka. Jiulize haya kwa ukweli.

Kafiwa karibuni? Kama kapoteza mzazi, ndugu, rafiki, hasa kwa ajali au mahali ambapo mwili ulichelewa kupatikana, weka hizi muvi pembeni kwa sasa hata kama ana miaka 17. Kwenye Everest na sehemu nyingine za juu miili mingi haishushwi kwa sababu kuibeba ni hatari kwa wanaobeba, na muvi zinaonyesha hilo. Kwa mtoto mwenye msiba mbichi ile picha ya mtu aliyelala kwenye theluji na watu wanapita itafungua kidonda.

Ana pumu au ana tatizo la hofu inayobana kifua? Kuhema kwa nguvu kwenye spika kwa dakika arobaini kunaweza kumfanya na yeye aanze kuhema. Sio lazima umzuie, ila punguza sauti, taa iwake, dawa yake iwe karibu kama kawaida, na ajue anaruhusiwa kutoka.

Anazimia akiona damu? Wapo wengi na sio uoga, ni mwili unavyojibu, presha inashuka ghafla. 127 Hours ilipoanza kuonyeshwa kuna watazamaji walizimia kweli kwenye ile sehemu ya mkono. Akianza kutoa jasho la baridi na kupauka mlaze chini umnyanyulie miguu, atarudi sawa baada ya muda mfupi.

Halafu kuna yule ambaye wengi hawamfikirii, yule asiyeogopa kitu. Anayepanda ukuta, anayejirekodi ukingoni mwa paa. Mzazi anasema huyu hana shida na muvi, hatalia. Mimi nasema huyu ndo wa kukaa naye karibu zaidi kuliko yule anayelia. Yeye anaona ushujaa tu na anaona kamba ni za waoga. Na inajulikana kwamba vijana wakiwa na wenzao wanathubutu mambo ambayo peke yao wasingethubutu. Kwa huyu Free Solo bila maongezi ni hatari kuliko muvi yenye maiti kumi, na ukiniuliza namuwekea kwanza yenye madhara, aone vidole vyeusi, ndo baadaye aone ya ushindi.

Na anayecheka kwenye sehemu mbaya usimkaripie. Vijana wengi wanacheka wakibanwa, ni njia ya kutoa pumzi.

Hatua ya 5: Umri, kama mimi ndo ninaamua

Chini ya 13: za kubuni zenye vituko, sawa, na dokumentari za milima zisizo na vifo. Visa vya kweli vya vifo bado. Sio kwamba wataharibika, ila hawana mahali pa kukiweka walichokiona.

13 mpaka 15: Everest na zinazofanana nazo zinawezekana kabisa, kwa sharti kwamba kuna mtu mzima amekaa hapo, sio yuko jikoni, amekaa. Touching the Void mimi ningemruhusu wa miaka 14 japo ina R, kama matusi kwenu sio mwisho wa dunia, sababu stori yake ni moja ya stori bora za kijana kujadili, kuliko nyingine zenye alama ndogo. 127 Hours na Society of the Snow hapana, subiri.

16 kwenda juu: karibu zote, ukimjua mtoto wako hana yale niliyoyataja juu. Society of the Snow ina kitu kikubwa kwa umri huu manake wale hawakuwa watu wazima wa mbali, wengi walikuwa vijana wa timu ya raga na rafiki zao. Roberto Canessa, mmoja wa wale wawili waliotembea siku kama kumi kuvuka milima kutafuta msaada, alikuwa na miaka 19. Kijana wa 17 anajiona pale pale.

Hatua ya 6: Siku yenyewe ya kuangalia

Anza mapema, mchana au jioni ya mapema, ili kuwe na masaa kadhaa ya maisha ya kawaida kati ya muvi na kulala. Angalieni kwenye tivii na sio kila mtu na simu yake na earphone zake. Kwenye simu picha ni ndogo kweli ila sauti inaingia moja kwa moja kichwani na mtoto anakuwa peke yake nayo, hata kama mmekaa kochi moja.

Kubalianeni ishara ya kusimamisha. Mwambie tu ukitaka nisimamishe inua mkono, sitauliza kwa nini. Vijana wengi hawatainua, lakini kule kujua wanaweza kunawapa nguvu ya kuendelea. Na kama kuna wadogo zake nyumbani watafutie kitu kingine chumba kingine, usiseme hawaelewi, wanaelewa mtu anavyolia.

Marufuku kumtania anayelia. Hizi kauli za "wewe mwanaume unalia nini, hiyo si muvi" zinafanya jambo moja tu, mara nyingine ataangalia peke yake usiku na hatakwambia kitu. Lia na wewe kama imekugusa.

Ikifika ile dakika uliyoiandika, usimfunike macho, ana miaka 14 bwana. Sema kwa sauti ya chini, "hapa panakuja pagumu, ukitaka angalia pembeni." Basi. Na mkianza maliza. Kukatisha muvi ya kunusurika katikati kwa sababu muda wa kulala umefika ni kosa baya, unamuacha mtoto na watu wamekwama mlimani kichwani mwake usiku mzima. Kama muda hautoshi ahirisha.

Hatua ya 7: Maongezi baada ya muvi, na kunyoosha uongo wa milimani

Usiulize umejifunza nini, atakujibu uvumilivu ili umuachie aende. Uliza kitu chenye pande mbili. Ya Touching the Void ni dhahabu: Yates anamshusha Simpson aliyevunjika mguu, usiku, dhoruba, Simpson ananing'inia hewani chini ya ukingo, hawasikiani, Yates anavutwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Anakata kamba. Simpson anaangukia kwenye ufa wa barafu, halafu anajiburuta kwa siku kadhaa mpaka kambini. Na Simpson mwenyewe amemtetea Yates miaka yote. Muulize kijana wewe ungekata? Halafu nyamaza. Maongezi yanaweza kuwa hivi:

"Mimi nisingekata, ningekaa hapo hapo."
"Mpaka lini?"
"Mpaka... sijui. Ila mama, si wangekufa wote?"
"Ndo hapo sasa. Unaonaje?"

Acha abishane. Usikimbilie kutoa jibu sahihi, hata wapanda milima wenyewe wamelibishania sana hilo.

Kwenye Everest swali zuri ni la muda. Msafara ulijua kwamba saa nane mchana ndo mwisho, uwe umefika kileleni au hujafika unageuka. Wengine walifika baada ya hapo, na Hall alikuwa kileleni na mteja wake jioni, zaidi ya saa kumi. Muulize kwa nini mtu anayejua sheria, tena yeye ndo anayeisimamia, anaivunja? Hapo mtaongelea pesa zilizolipwa, aibu ya kurudi bila kufika, huruma kwa mteja aliyeshindwa mwaka uliopita. Kijana anayajua hayo yote kwa majina mengine.

Muulize pia nani alibeba mizigo. Muvi nyingi zinawaweka Washerpa, wenyeji wa milima ya Nepal wanaofanya kazi kwenye misafara, nyuma kabisa ya picha, wanatabasamu, wanatoa chai, wakati wao ndo wanafunga kamba na ngazi na kubeba mitungi ya oksijeni. Tarehe 18 Aprili 2014 maporomoko ya barafu kwenye Everest yaliua wafanyakazi 16 wa Nepal kwa siku moja. Kijana akilijua hilo ataanza kuangalia pembeni mwa skrini, na huo ni uangaliaji mzuri zaidi.

Sasa uongo. Muvi zinadanganya mambo ambayo siku moja yanaweza kumgharimu mtu, kwa hiyo yanyooshe:

Kupiga kelele hakuangushi theluji. Mara nyingi sana anayesababisha maporomoko yanayomfunika mtu ni mtu mwenyewe au mwenzake kwa uzito wake anapokanyaga mteremko usio imara. Na aliyefunikwa hana masaa kama kwenye muvi, nafasi yake inashuka vibaya baada ya dakika 10 mpaka 15, ndo maana wenzake walio pale pale wana maana kuliko helikopta.

Pombe haipashi mwili joto. Inafungua mishipa ya damu karibu na ngozi, mtu anasikia joto huku analipoteza. Na vidole vilivyoganda havisuguliwi, hasa na theluji, unaua nyama iliyobaki. Wala havipashwi joto kama kuna uwezekano vitaganda tena njiani.

Baridi inavyoua sio kama unavyoona, mtu anatetemeka anasema maneno mazuri ya mwisho anafumba macho. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anatetemeka, anaanza kujikwaa, ulimi mzito, anaamua vitu vya ajabu, na ikizidi kutetemeka kunakoma, wengine wanavua nguo kabisa wakihisi wanaungua. Lile swali la usiku la kama anasikia maumivu mpaka mwisho linajibiwa hapa, mwambie ukweli, kwamba akili inafifia kabla, mtu wa mwishoni kabisa mara nyingi haelewi tena kinachoendelea. Vijana wanatulia wakipata jibu la kweli, wanachoogopa ni kunyimwa.

Helikopta haifiki kila mahali. Juu sana hewa ni nyembamba, mapanga yake hayapati cha kukamata. Mwaka 1996, kwenye dhoruba ile ile ya Everest, mpandaji Beck Weathers, aliyeachwa ikidhaniwa amekufa, akaamka akatembea mwenyewe mpaka kambini, alichukuliwa na rubani wa Nepal kwenye kimo cha karibu mita 6,000 na hiyo ilikuwa kazi ya ajabu kabisa kwa wakati ule. Alipoteza mkono wa kulia chini ya kiwiko, vidole vya kushoto na pua. Kwenye kilele cha Everest, mita 8,848, oksijeni unayoipata kila ukivuta pumzi ni kama theluthi moja tu ya ile ya usawa wa bahari, ndo maana watu wenye akili timamu wanafanya maamuzi ya ajabu kule. Na wale mastaa unaowaona wamevua barakoa na miwani ili tuone sura zao, kule juu bila miwani macho yanaungua na mwanga wa theluji.

Kwa waliotazama Free Solo ongeza moja: Honnold hakuamka tu akapanda. Njia ile aliipanda na kamba mara nyingi, akaifanyia mazoezi zaidi ya mwaka mmoja, akaikariri mshiko kwa mshiko. Klipu ya sekunde thelathini anayoiona kijana kwenye simu imekata hayo yote.

Hatua ya 8: Siku zinazofuata

Siku mbili tatu za kuwaza, kuuliza, kutafuta video za kisa chenyewe, ni kawaida, ni dalili muvi imeingia vizuri. Angalia akianza kukosa usingizi, kukataa kupanda ngazi au ghorofa alizokuwa anapanda, kukuuliza kila ukisafiri utarudi lini na saa ngapi, au kuongelea kufa kwa namna isiyohusu muvi tena. Hayo yakipita wiki mbili bila kupungua, tafuta mshauri au daktari, usisubiri yaishe yenyewe. Ila kwanza muulize mwenyewe ni sehemu gani inamrudia. Mara nyingi ni moja tu, picha moja, na mkiiangalia tena pamoja mchana, au ukimuonyesha jinsi ilivyotengenezwa, studio, pamba za theluji, mafeni, inapoteza nguvu.

Na kuna yule atakayekuja kukwambia nataka kupanda mlima. Usimkatae hapo hapo, manake ukikataa atajaribu kwenye jengo. Mtafutie ukuta wa mazoezi wenye mwalimu, ajifunze fundo la nane, lile la kujifungia kamba, ajifunze kukagua mkanda wa mwenzake na mwenzake akague wake kabla mguu haujaacha ardhi, kila mara, hata kama walikaguana dakika tano zilizopita. Akienda mlima wa kweli kwa miguu na watu wanaojua, ajue kwamba kuanzia mita 3,000 hivi sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kichwa kikimuuma na kichefuchefu kikaja aseme bila aibu na asipande tena mpaka kiishe, kikizidi ashuke, usiku au mchana, wala asiachwe ashuke peke yake.